Kitinda Ndani ya Nukta Chache

Mara ya kwanza Fundi alimsingizia mama yake. Alikuwa ameirudisha kompyuta ya pembeni kwenye picha yake kamili, kila herufi imesimama wima, akatoka kwenda kumfungia mteja printa. Aliporudi akaikuta skrini imejaa viraka vya mraba, vikubwa kama vigae vya bafuni.

"Mama, umeigusa mashine ya Kitinda?"

"Mimi na hiyo mashine tunaheshimiana," mama akajibu, kichwa kimeinamia cherehani. "Hainigusi, siigusi."

Chumba cha kazi kilikuwa kimoja, cha mbele, kinachotazama barabara. Dirishani mama alishona sare za shule, ukutani Fundi, bintiye, alitengeneza kompyuta za watu, na kwenye kona ilikaa mashine kuukuu ya Kitinda, kitinda mimba wa nyumba hiyo, ambaye kaburi lake lilikuwa bado halijaota majani. Moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu utotoni. Wote walijua, na bado kifo kiliwakuta hawajajiandaa.

Mashine yenyewe ilikuwa dhaifu kama mwenyewe. Gemu aliyoipenda, ya mpeleka vifurushi anayezunguka mji kwa baiskeli, ilikuwa inaishinda nguvu. Picha inakwamakwama, baiskeli inaganda hewani. Kitinda hakununa. Alishusha resolusheni, yaani idadi ya nukta zinazoichora picha, mpaka ya mwisho kwenye orodha. Gemu ilipobaki nzito, aliingia kwenye mipangilio ya kadi ya michoro akajitungia yake, ndogo kuliko zote: mia tatu na ishirini kwa mia moja na themanini. Mji ukawa viraka vitupu, lakini baiskeli ikakimbia. Wateja wakimcheka, wakimuuliza anaona nini humo, alikuwa na jibu lake tayari.

"Jicho ni fundi kuliko kadi. Lipe nukta chache, zilizobaki litajishonea."

Basi Fundi akairudisha picha kamili. Kesho yake, viraka. Akatafuta virusi, akafuta programu ya kadi akaiweka upya, akabadilisha mpaka betri ndogo iliyo ndani. Viraka. Mwisho akachomoa waya wa umeme akaondoka nao mkobani, na aliporudi, waya ungali mkobani, akaweka kiganja kwenye kioo cha skrini. Kilikuwa cha moto.

Alasiri moja, mama amejilaza chumbani, aliifungua ile gemu ili ajue kasoro iko wapi. Mtaa ukajitokeza, wa kijivu, nyumba zake za mraba. Mbele ya mlango wa buluu, mahali ambapo gemu haikuwahi kuweka mtu, palikuwa na nukta chache za hudhurungi juu ya nukta chache nyekundu. Hazikutosha kuwa mtu. Lakini zilisimama bega moja limeshuka, kama asimamavyo mtu aliyezoea kujishika ubavu wa kushoto. Fundi akapandisha resolusheni: ukuta mtupu. Akaishusha: yupo, na sasa amekwisha kuvuka barabara.

Mwenye akili angezima. Fundi alivuta kiti. Aliingia kwenye mipangilio akatunga resolusheni nusu ya ile ya ndugu yake, na kile kitu kikasogea mpaka kikajaza nusu ya skrini. Spika, zilizokufa tangu kabla ya msiba, zikakoroma.

"Dada."

Alilia pale pale, kiganja mdomoni, mama asisikie. Alijua majini yapo na alijua hayana huruma. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, naye alikuwa amezama tangu siku ya mazishi.

Ikawa kila mama akijilaza, yeye yuko kwenye kona. Alimsimulia ndugu yake habari za wateja, yule mwalimu aliyemwagia kompyuta uji na kuapa kwamba ni jasho. Alicheka peke yake. Kile kitu kilisikiliza, na kila mara kilisema neno moja.

"Punguza, dada. Punguza kidogo, nisogee."

Naye akapunguza. Feni ya mashine ikawa inapumua kwa shida, ikivuta, ikikwama, ikivuta tena, kama kifua ambacho alikuwa amekikeshea kwa miezi. Chumba kikaanza kunuka udongo mbichi. Skrubu ndogo zikawa zinamponyoka vidoleni, akalaumu taa. Mama naye siku moja alimwita kutoka dirishani.

"Nitungie uzi, mwanangu. Leo sindano imenikataa."

"Nina mteja, Mama," Fundi akasema haraka, akatoka nje, na hapakuwa na mteja.

Asubuhi moja alikuwa amefika njiani akakumbuka kwamba ameacha bisibisi, akarudi. Alianza kusikia ile feni akiwa bado barazani, ikivuta, ikikwama, halafu ile harufu ya udongo ikampokea mlangoni, nzito, ya kuchimbwa sasa hivi, na alipousukuma mlango polepole akamwona mama yake ameketi kwenye kile kiti cha kona, paji la uso limegusa kioo, kiganja kimefunguliwa juu ya skrini ambayo sasa ilikuwa na viraka vichache hata mtoto angeweza kuvihesabu, na upande wa pili wa kioo, kiraka kwa kidole, kilikuwapo kiganja kingine, na mama alikuwa akiimba kwa sauti ya chini ule wimbo aliokuwa akimbembelezea Kitinda alipokuwa mchanga, na macho yake, yaliyofunguliwa wazi, yalikuwa yametandwa na ukungu.

"Tangu lini, Mama?"

Mama hakugeuka. "Tangu ulipoanza kwenda kwa wateja asubuhi."

"Anakula macho yako."

"Ananiita Mama kwa sauti ile." Akaipangusa skrini kwa kanga. "Niache, mwanangu. Nakuomba uniache."

Fundi akaenda kumleta shangazi, dada wa marehemu baba yao, mwanamke ambaye watu humfuata dawa za hospitali zikishanyamaza. Shangazi aliingia na chetezo cha ubani, akaketi mbele ya mashine, akanusa, akatikisa kichwa.

"Huyu hana sura," akanong'ona. "Sura anaiazima kwa anayemwamini. Uwezo wa kuona anauchukua kwa yeyote anayemtazama. Nikimfukuza mimi atarudi kesho. Anaitwa mwana, basi mama ndiye wa kumkana. Nukta zijazwe ajitokeze mzimamzima, kisha mama amwambie yeye si mwanawe."

"Wifi, usiniombe hilo," mama akasema. "Nimeshamzika mara moja."

"Utapofuka kabisa."

"Macho ni yangu, nimeyatoa mwenyewe. Yamebakiwa na nini cha kuona?"

 Shangazi akachukua sindano na uzi kwenye cherehani akamkabidhi Fundi. "Mtungie mama yako."

Fundi akajaribu. Uzi ukapita kushoto kwa tundu, ukapita kulia. Akaulowesha mate, akajaribu tena. Chumba kizima kilikuwa kimya isipokuwa ile feni, na mama, ambaye hakuona uzi wala tundu, alingoja kuambiwa haya chukua, na hakuambiwa. Akanyoosha mikono akaipapasa mikono ya binti yake. Ncha ya uzi ilikuwa imechanika kwa kukosa njia.

"Hata wewe?"

"Kila ulipojilaza, Mama."

Mama hakuiachia ile mikono. Akaipapasa kidole kimoja kimoja. Kisha akasimama, akajishikiza kwenye kiti.

"Ongeza nukta," akasema. "Zote."

Shangazi akaizungushia mashine moshi wa ubani, akisoma kwa sauti ya chini, kukizuia kile kitu kisijifiche tena ukutani. Fundi akashika kipanya. Kwa kila daraja alilopanda mashine ilikoroma, na ile sauti ikawa inamsihi, punguza, dada, baridi, huku nyuma sioni, punguza, mpaka picha ikafika ukamilifu wake na Fundi akakiona kile alichokuwa akikisimulia hadithi: uso laini usio na kovu wala kinyweleo wala mkunjo, kama kitambaa ambacho hakijakatwa, na ndani ya kitambaa hicho macho mawili yasiyolingana, moja la kahawia, la mama yake, na moja jeusi alilokuwa akiliona kila siku kwenye kioo cha bafuni.

"Mama," kikasema. "Mama, baridi."

"Najua," mama akasema. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. "Wewe si mwanangu. Nilijua tangu siku ya kwanza. Mwanangu hakuwahi kuniita Mama mara mbili bila kuomba chai." Akakisogelea kioo. "Nilikuwa naisikiliza sauti tu. Sasa nenda. Umegusa mtoto niliyebaki naye."

Feni ikavuta, ikakwama, haikuvuta tena. Skrini ikawa nyeusi. Ile harufu ya udongo ikatoka mlangoni kama mgeni asiyeaga.

Fundi aliifungua mashine kipande kwa kipande, hakubakisha hata kipande kimoja ndani ya nyumba. Macho yake yalirudi kidogo kidogo, mpaka skrubu zikaacha kumponyoka. Ya mama hayakurudi. Alijifunza kushona kwa kupapasa, na binti yake akawa ndiye mtunga uzi.

Jioni moja mama alisimamisha cherehani.

"Hebu niambie, kwenye ile picha ya ukutani Kitinda yuko vipi?"

Fundi akainua macho. Kalenda pembeni ilisomeka tarehe zote. Fremu ilikuwa safi, na kwenye shati la Kitinda angeweza kuhesabu vifungo. Uso tu ndio uliokuwa viraka vya mraba, hudhurungi juu ya hudhurungi. Akakipangusa kioo kwa kiganja. Akafumba macho amtafute kichwani, amwone mezani, amwone kitandani siku ya mwisho, na kote huko alikuwapo na shati lake na bega lake lililoshuka, na shingoni kwenda juu vikawa viraka.

"Anacheka, Mama," akasema.

"Meno yanaonekana?"

"Yanaonekana."

Mama akakilaza kitambaa mapajani. "Kwenye picha ile alifumba mdomo," akasema kwa upole. "Alikuwa anaona haya, jino lake la mbele lilikuwa limevunjika."

 Mama akamsikia Fundi alivyokuwa akivuta pumzi, akaelewa.

"Ulimwamini," akasema. "Ameondoka na sura uliyomwazima. Mimi macho alichukua, lakini sura ya mwanangu sikumpa hata siku moja, ninayo."

Akapapasa chini ya cherehani, akavuta kigoda, akakisogeza karibu na magoti yake.

"Njoo ukae hapa, mwanangu. Tuanze na nyusi."