Salama ya Bibi Kalunde

Ti.

Kimya kidogo, kisha tena: ti. Ti, ti.

Shigela Maganga, fundi wa mashine za hospitali, aliisikia sauti hiyo kabla hajalifikia pazia la wodi, na mwendo wake ukabadilika, kama baba anayemsikia mwanawe akisoma vizuri darasani. Ni sauti ya funza wakidondoshwa kwenye bakuli la chuma. Mashine yake ilikuwa kazini.

Alipofunua pazia aliwaona: siafu-chuma arobaini, kila mmoja mdogo kuliko punje ya ulezi, wakiingia na kutoka kwa mstari katika pua ya bibi kizee aliyelazwa chali. Miaka sitini nyuma madaktari walidondosha mafuta makali puani ili funza wakose hewa wajitokeze, kisha wakawachomoa mmoja mmoja kwa koleo, siku baada ya siku. Siafu wa Shigela waliwafuata funza mpaka kwenye mapango ya ndani ya uso na kuwatoa wazima, bila kuacha hata kipande. Hakuna jiji lingine lililokuwa nao ila hili, Isanga Mpya, katika mnara huu wa hospitali wenye ghorofa thelathini.

"Mia moja na kumi na wawili," alisema Daktari Rweyongeza, mkuu wa hospitali, akichungulia bakuli. "Hatujawahi kufika hapo. Wageni wa kuiona mashine yako wanakuja saa nane. Bakuli hili lisitupwe."

Shigela akauliza imekuwaje wakawa wengi hivyo, maana mtu mwenye funza watano tu puani hulia kwa maumivu. Daktari akamweleza kwamba bibi ana kisukari cha miaka ishirini. Kisukari kimeua hisia za pua, kimepunguza damu, vidonda havifungi. Nzi aliifuata harufu yake mchana akiwa amelala, akataga, na bibi hakuhisi kitu. Sasa funza wamelifikia jicho la kulia, na jicho hilo halitapona. Aliyasema hayo kama anayetaja hali ya hewa.

"Wazee wetu ndivyo walivyo," akamalizia. "Wanakaa nyumbani mpaka waoze."

Siafu wa mwisho alikuwa ametoka. Bibi Kalunde akafumbua jicho la kushoto.

"Sikukaa nyumbani, baba. Nimekuja mara tatu kabla ya kubebwa leo."

Shigela akafungua kumbukumbu za Bawabu, mashine inayopokea wagonjwa getini. Bibi alikuwamo, siku tatu tofauti, amejifunga kanga ileile safi.

"Shikamoo, bibi. Habari ya afya yako?" aliuliza Bawabu.

"Marahaba, mwanangu. Salama tu, tunamshukuru Mungu. Na wewe, hujambo?"

Kisha akanyamaza, akangoja. Aliyelelewa vizuri haanzi kumwaga shida zake mlangoni. Huipa salamu haki yake kwanza, akaulizwa tena, ndipo akautua mzigo. Bawabu hakuuliza tena. Aliandika: hana tatizo. Akamshukuru kwa kuja, akamwita anayefuata. Siku ya tatu bibi alijaribu kusema, "Ila pua yangu…" na mlango ukawa umeshafungwa.

Shigela alijua kwa nini. Mwanzoni Bawabu alikuwa akiuliza mara tatu. Rweyongeza ndiye aliyeamuru maswali mawili yaondolewe ili foleni ipungue. Na aliyeyaondoa, alasiri moja, huku akipiga mluzi kwa haraka ya kurudi kwa siafu wake, alikuwa Shigela.

"Foleni haikupungua, Daktari," alisema. "Tuliwafukuza watu."

"Angejibu alichoulizwa."

"Alijibu kama mtu. Sisi ndio tuliouliza kama ukuta."

Daktari akamwambia apunguze jazba na avae koti safi, wageni wako njiani. Shigela alilichukua lile bakuli, akalimimina lote kwenye tanuri la taka mbele ya macho ya mkuu wake, akalirudisha tupu mezani. Rweyongeza akatoka, pazia likiyumba nyuma yake.

Shigela akavuta kigoda, akaketi karibu na kitanda.

"Usisogee sana, mjukuu wangu," bibi alisema. "Mimi nanuka. Juzi pale nje watu walinikimbia, nikapata benchi zima peke yangu kama malkia."

Shigela alikisogeza kigoda karibu zaidi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Habari za jicho?"

"Salama tu."

Shigela akangoja.

"Ila nini, bibi?"

Mkono wa Bibi Kalunde ukapanda polepole mpaka kwenye bandeji iliyolifunika jicho la kulia.

"Ila ndilo lililokuwa zima," alisema. "Hili la kushoto, mwaka wa kumi huu halioni tundu la sindano."

Shigela akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili.

"Bibi, kuanzia kesho asubuhi getini nitasimama mimi, kwa miguu yangu, mpaka Bawabu ajue kungoja. Nitauliza habari mara ya kwanza, nitauliza ya pili, nitauliza ya tatu. Na wakinifukuza kazi, nitauliza nikiwa nje ya geti."