Uzi wa Atuganile

Jumanne moja ya mwaka 2013, seva ya kampuni fulani ya uwakala wa forodha pale Tunduma ilianza kujikokota. Madereva wa malori wakajaa dirishani.

"Mulishani, fundi? Mtambo umelala tena?" alisalimu kwa Kibemba Mzambia mmoja.

Nathanaeli, fundi wa kompyuta wa kampuni, aliinamia kioo chake. Wiki ya tatu ilikuwa inaisha tangu amzike mkewe, Atuganile, kule Hasamba. Mkewe alikuwa karani wa kampuni hiyohiyo kwenye yadi ya malori ya Chapwa, akafia mezani peke yake. Kilichomkeketa maini Nathanaeli ni kwamba hawakuagana.

Seva ilikuwa na nyuzi ishirini na mbili. Uzi ni kama karani asiyeonekana. Kila ombi hupewa wake. Programu aliiandika Nathanaeli mwenyewe, na kwa uvivu wake akaweka amri moja: uzi usipopata jibu, ulale, kisha uamke uulize tena. Uzi uliolala haufanyi kazi, ila kiti hauachii.

Akahesabu. Ishirini na moja zimelala. Zote zimetoka kwenye kompyuta ya Atuganile.

Akafungua wa kwanza. Ulibeba ujumbe wa siku aliyokufa, saa nne asubuhi: "Baba Luka, kifua kinanibana. Njoo unichukue."

Saa hiyo Nathanaeli alikuwa ametoka kwenda kunywa chai. Uzi ukakosa jibu, ukalala na ujumbe wake. Kumbe aliitwa! Machozi yakamtoka mbele ya madereva.

Akafungua wa pili. Maneno yaleyale. Saa nne. Siku ya mazishi.

Wa tatu. Wa nne. Kila siku mmoja, hadi asubuhi hiyo. Na kompyuta ya Atuganile ilikuwa kabatini, imezimwa, funguo anazo Nathanaeli.

Dawa ilikuwa kuziua nyuzi zile. Vidole vikakataa. Akaandika: "Nakuja, mama Luka."

Zote zikaamka kwa pamoja. Seva ikawa nyepesi, madereva wakashangilia. Yeye alishatoka.

Hasamba mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Mama mkwe wake, Tabita, alisimama kwenye mibuni karibu na kaburi, amejitanda kanga.

"Umechelewa, baba," alinong'ona. "Ameondoka sasa hivi."

"Nani, mama?"

Tabita akageuka, akaenda zake nyumbani.

Pembeni mwa kaburi majani yalikuwa yamelala, upana wa mtu aliyekaa. Nathanaeli akapiga magoti, akapagusa. Kote kulikuwa chepechepe. Pale palikuwa pakavu, na bado pana joto.