Nilimsifu Mdogo Wangu Jukwaani, Wiki Hiyohiyo Nikamzika

Nina miaka arobaini na tatu. Kazi yangu ilikuwa kupiga gitaa na kuimba. Ulevi ulikuwa kazi yangu ya pili, na hiyo sikuwahi kuchelewa hata siku moja! Naitwa Nkwabi. Nawaandikia, ndugu wasomaji, kwa sababu kuna mtu nilimuua bila kumgusa, na kuna mwingine nilimwangamiza kwa kumnyooshea kidole tu...

Bendi yangu ya Kahama ilinivumilia mpaka ikachoka. Siku ya mwisho nilianguka na gitaa langu juu ya ngoma, kwenye harusi ya watu, mbele ya bibi harusi. Wageni walipiga makofi wakidhani ni mbwembwe. Kiongozi wa bendi hakupiga makofi. Wiki hiyo mke wangu, Mama Kabula, naye akafunga mizigo akarudi kwao Kharumwa na watoto. Hakugombana na mimi. Alisema tu kwamba amechoka kuniokota mitaroni.

Aliyenipokea ni mdogo wangu, Masunga. Alikuwa mchimbaji mdogo jirani na Segese. Yeye na rafiki yake Shija walikuwa na duara lao, yaani shimo la kutafutia dhahabu, na walilichimba mwaka wa pili bila kupata cha maana. Pamoja na shida hizo alinipa kitanda, akanipikia uji, akanifulia nguo nilizotapikia. Mdogo wangu wa tumbo moja! Mikono ilipokuwa ikinitetemeka, alinishikia kikombe.

Miezi minne sikuonja hata tone. Nikaanza kunenepa. Asubuhi nilikuwa nampigia gitaa wakati akinywa chai kabla ya kwenda shimoni, naye alikuwa akiniambia, "Kaka, sauti imerudi. Mama akikusikia atacheza mpaka akose pumzi."

Basi siku moja alirudi mchana, akafunga mlango, akafungua kitambaa. Lilikuwa jiwe. Dhahabu ilionekana kwa macho, bila kusaga, bila kuosha! Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Akaniambia wamejaza magunia matatu ya mawe ya namna ile, na kwa kuwa machimboni macho ni mengi, wameyapeleka kijijini kwa mama na kuyafukia ghalani chini ya karanga. Yangekaa huko mpaka Jumanne, siku yao ya kuyapeleka kwenye mashine ya kusaga.

"Tunajua watatu tu," alisema. "Mimi, Shija na wewe. Hata mama na mke wangu sijawaambia. Kaka, niapie."

Nikamwapia kwa kaburi la baba.

Jumapili mchana, mama mmoja mwenye baa pale Segese aliniomba nikaimbe. Masunga alisita. Nikamwambia mimi ni mtu mzima, nitakunywa soda. Kweli, nilianza na soda.

Niwaeleze jambo moja, maana wengine hamjui. Huku kwetu mwimbaji haimbi mapenzi tu. Mchimbaji akikutuza, lazima umsifu. Unamtaja yeye, unamtaja baba yake, unataja ng'ombe wake na rangi zao, unataja duara lake. Ukimsifu mtu bila kusema alichonacho, watu wanaona hujui kazi. Na mimi kazi nilikuwa naijua, tena sana.

Niliimba vizuri siku ile. Watu walipanda jukwaani kunituza, mmoja akaniwekea glasi mdomoni huku nikipiga gitaa. Ningeweza kutema. Mbona sikutema? Nimejiuliza hivyo mara nyingi kuliko nilivyosali. Nilimeza... Baada ya glasi ile nakumbuka ya pili, nakumbuka watu wakirusha kofia. Kisha hakuna kitu. Giza tupu, ingawa jua lilikuwa linawaka!

Jumatatu niliamka nikiwa nyuma ya baa, gitaa limekatika nyuzi mbili. Nilipofika nyumbani Masunga alikuwa ameshaondoka kwenda kijijini kulinda mzigo wake. Nilishukuru Mungu kwamba hakuniona.

Jumanne saa nne asubuhi, mama akiwa kisimani, wanaume watatu walifika na pikipiki. Hawakupekua nyumba. Hawakuuliza kitu. Walikwenda moja kwa moja ghalani, wakamwaga karanga. Masunga alijaribu kuwazuia kwa mpini wa jembe. Walimkata panga kichwani. Alifia njiani, kabla ya kufika hospitali, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya mama.

Nani aliwaambia? Watu wote waliuliza hivyo msibani. Watatu tu ndio tuliojua. Mmoja tumemzika. Mimi ni kaka yake. Akabaki nani?

Nilisimama mbele ya sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, nikamtaja Shija. Alikuwa kijana wa pale pale, nyumba yake haiko mbali na ya mama. Nilipiga kelele, nikalia, nikararua shati. Ndugu zangu, leo naungama... Nilijua kwamba Jumapili nililewa. Sikujua niliimba nini, na sikutaka kujua. Kadiri hofu ilivyonikaba ndivyo nilivyozidi kupaza sauti. Shija alinitazama akasema, "Kaka Nkwabi, mimi? Mimi niliyemfunga Masunga kamba kiunoni kila siku akishuka shimoni?"

Wazee wakamtenga. Asiyekujua kutengwa kwa kwetu asiombe kukujua. Hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukuuzia chumvi, hakuna wa kukupa moto. Mkewe alizuiwa kisima, akawa anafuata maji mbali na mimba yake ya miezi minane. Uchungu ulipomshika, hakuna mwenye pikipiki aliyekubali kumbeba. Alitembea. Alijifungua kando ya njia, na mtoto hakulia...

Nilipopata habari hizo nilisema, "Mungu amelipa." Mdomo huu huu ulisema!

Siku ya arobaini tulikusanyika kwa mama. Yule mwenye baa alikuja kutoka Segese, amebeba mchele na pole zake. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Akamwambia mama, "Mwanao alimsifu marehemu vizuri sana Jumapili ile, nikarekodi. Nimekuletea, uwe unamsikiliza."

Akaiweka simu juu ya mkeka, akaongeza sauti. Nikalisikia gitaa langu. Kisha nikajisikia mwenyewe, nimelewa, nikiimba kwa raha:

"Masunga mtoto wa Lugwisha, tajiri asiyelala njaa! Magunia matatu, magunia matatu, yamelala ghalani kwa mama! Karanga ni blanketi lake, Jumanne yataamka!"

Na watu wa baa walikuwa wakishangilia.

Mjane wa Masunga alinitazama kisha akafunika uso kwa khanga. Nilisubiri wanipige. Nilitamani wanipige! Mama hakulia. Aliniita, akanishika mkono, akasema polepole, "Ng'wanone, mwanangu, nenda ukamwamkie Shija."

Wazee waliondoa adhabu siku ile ile. Mimi nilikwenda polisi nikaeleza yote. Wale watu watatu hawajapatikana hadi leo. Sijanywa tena tangu arobaini ile, lakini msinipongeze. Nimeacha nikiwa nimechelewa, aliyenishikia kikombe yuko kaburini.

Wewe unayejizuia kunywa na kuna mtu anakwambia glasi moja haina neno, iteme! Iteme hata mbele ya watu, wakucheke. Na kama kuna saa za maisha yako usizozikumbuka, nenda kaziulizie kwanza, hata kama unaogopa jibu. Usimnyooshee mtu kidole kabla hujajua wewe mwenyewe ulifanya nini.

Siku ile ya arobaini nilimkuta Shija mlangoni kwake, anachonga mpini. Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na miwili. Nilipiga magoti kwenye vumbi nikasema, "Shikamoo, Shija."

Aliendelea kuchonga.

Kila Jumapili narudi, napiga magoti pale pale, namwamkia. Mkewe hupita na ndoo yake bila kunitazama. Nasubiri kidogo, kisha nanyanyuka naondoka. Marahaba yake sijaipata.