Kiu ya Kunda kwenye Njia ya Pweto

Asubuhi ile, pale Makomeno, mtaa wa Lubumbashi, jiko la Victorine halikupoa. Alikaanga mikate. Alichemsha mayai. Alikunja kitenge kipya cha mama mkwe wake, akakiweka juu kabisa ndani ya sanduku.

Mume wake, Ngosa, alikuwa amepata likizo kazini, kule mgodini. Walikuwa wanakwenda Pweto, kwenye Ziwa Mweru, kuwaona wazazi wa Ngosa. Wazee walimjua Annie, binti mkubwa. Lakini Kunda, mtoto wa miaka miwili, hawakuwa wamemwona hata siku moja. Kila msafiri aliyetoka Pweto alileta neno lilelile: "Bazee banauliza, mutoto atakuya lini?"

Victorine alijaza maji bido, lile dumu lao la plastiki. Ngosa alipoliona, alicheka.

"Mama Annie, ile mayi ni ya nini?"

"Ya batoto, mu njia."

"Wapi! Shofere hatasimama kila saa juu ya mukojo ya batoto. Mama mwenyewe njo alitufundisha: mu safari, mutoto hapana kunywa. Unamulowesha midomo, basi. Na akihara, hata midomo unaacha."

Victorine aliliacha bido. Neno la mama mkwe, nani alipinge? Na wewe msomaji, usimcheke. Nenda pale kamyo za mizigo zinapopakia abiria, uone akina mama wanavyowanyima watoto maji ili shofere asinune.

Basi, wakapanda kamyo ya Faustin, juu ya magunia ya unga. Jua liliwaka. Vumbi liliwapaka wote rangi moja. Siku ya pili, Kunda akaanza kuhara. Victorine alibadilisha kitambaa, akabadilisha tena, mpaka vitambaa vikamwishia.

"Mayi! Mama, mayi!" Kunda alilia.

"Hapana kumupa," alisema Ngosa. "Mayi itaongeza kuhara."

Saa zilipita. Kunda akanyamaza.

"Unaona?" alisema Ngosa. "Ametulia."

Victorine alimtazama mtoto. Macho yake yalikuwa yamezama. Midomo ilikuwa mikavu. Alifungua kinywa kulia, lakini hakuna chozi lililotoka. Jamani, roho ya Victorine ilishtuka!

Pale Kasomeno, Faustin alisimama ili injini ipoe. Victorine na Ngosa walishuka na Kunda. Kando ya barabara, mama mmoja alikuwa amekaa juu ya mzigo wake. Alikuwa anangoja kamyo ya kushuka Lubumbashi. Jina lake Julienne, mkunga wa maternité, hospitali ya wazazi. Alipomwona Kunda, alisimama mara moja.

"Mama, nipatie huyu mutoto."

Alibana ngozi ya tumbo la Kunda kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi haikurudi upesi.

"Amekojoa lini?" aliuliza.

Victorine hakukumbuka.

"Na leo amekunywa nini?"

"Hatumupe kitu," alijibu Ngosa. "Iko anahara."

"Papa, sikia. Sufuria iko na tundu, iko juu ya moto. Utaacha kutia mayi? Itaungua! Kuhara kunatoa mayi na chumvi mu mwili. Kile kinatoka, njo kirudishwe. Huyu mutoto iko anakauka. Akikauka kabisa, atakufa."

Faustin alipiga honi. "Tunaenda! Mupande!"

"Tupande," Ngosa alimwambia mke wake. "Mama kule anajua dawa."

"Mi sipande," alisema Victorine.

"Victorine! Kamyo ingine tutaipata lini? Likizo yangu itaishia hapa! Bazee banangoja!"

"Banangoja mutoto, ao banangoja maiti?"

Tangu waoane, Victorine hakuwahi kumjibu hivyo. Ngosa alitazama barabara, akamtazama mtoto. Kisha akapanda juu ya magunia, akamshusha Annie na sanduku lao. Faustin akaondoka.

Mwenye nyumba ya karibu aliwapa moto, sukari na chumvi. Walichemsha maji, wakayaacha yapoe. Mama Julienne alionyesha, Victorine akatazama kila kitu.

"Mayi safi, lita moja. Sukari, kijiko kidogo mara sita. Kijiko kisawazishwe, kisipande mulima. Chumvi, nusu ya kijiko kilekile, mara moja tu. Koroga. Onja. Ikipita machozi kwa chumvi, mwaga, anza upya."

Victorine alimpa Kunda kijiko kimoja. Kunda alitapika.

"Basi imeshindikana!" alisema Ngosa.

"Haishindikane. Ngoja kidogo, anza tena, polepole. Na chakula asinyimwe. Ukiona damu, ao akishindwa kunywa kabisa, kimbia ku dispensaire, kwa munganga."

Kamyo ya Lubumbashi ikafika. Mama Julienne alichukua mzigo wake.

"Mi ninaenda. Sema tena, nisikie."

"Mayi safi, lita moja," alisema Victorine. "Sukari mara sita. Chumvi nusu. Naonja kama machozi."

"Njo vile. Usichoke."

Hakuchoka. Mkono ulimuuma, akabadilisha mkono. Kijiko, kupumzika, kijiko tena. Annie alimpepea mdogo wake kwa kitenge. Ngosa alichota maji, akachanja kuni, akachemsha mengine.

Jioni, Ngosa alimpakata Kunda. Ghafla akaruka.

"Amekojoa! Mama Annie, amekojoa! Angalia suruali yangu!"

Alicheka huku analia. Victorine naye alikaa chini, akalia kwa sauti.

Waliondoka baada ya siku mbili, juu ya kamyo tupu iliyokwenda kuchukua samaki wakavu. Safari hii bido walilopewa na mwenye nyumba, lenye maji yaliyochemshwa, lilikuwa katikati ya miguu yao. Watoto walikunywa. Shofere alisimama, akanung'unika, akaendelea. Wakafika.

Mama mkwe alimpokea Kunda kwa vigelegele. Akaambiwa mtoto alihara njiani. Lakini Victorine alipotoa kikombe kumnywesha, yule mzee alimshika mkono.

"Hapana, mwanangu! Kama tumbo haiyapona, hapana mayi!"

Victorine alipiga magoti. Kwa heshima, alimweleza yote: macho yaliyozama, ngozi, sufuria yenye tundu. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa polepole juu ya mkeka.

"Mbele ya kuzaa Ngosa, nilizaa Chanda," alisema. "Alihara. Alilia mayi siku yote. Mi nilificha mutungi. Kesho yake tulimuzika."

Ngosa aliinamisha kichwa.

Mama mkwe alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Akachukua kikombe mkononi mwa Victorine, akamnywesha Kunda mwenyewe.

"Sasa nifundishe," alisema. "Lakini ngoja kwanza niite bamama ba jirani. Kuko batoto bengi hapa."