Pazia la Majaji

"Kosa lako hukusimama," Mwalimu alisema, akikoroga chai. "Ulipopotea pale katikati ya mtihani ungenyamaza, ukaanza upya. Wewe ukaziba pengo kwa jazi!"

Mchumba wake, binti wa fundi cherehani, aliacha kupiga piano. Mikono ikabaki hewani.

"Nani kakwambia nilipotea?"

"Si ulinisimulia mwenyewe?"

"Sikumsimulia mtu. Hata mama. Nilisema nimefeli, basi."

Kule chuoni, wanaotaka kwenda kusomea piano ng'ambo hupiga nyuma ya pazia, ati majaji wasijue ni nani, mtoto wa mkubwa asibebwe. Maneno matamu hayo! Pazia huziba macho tu. Masikio ya wakubwa nani amewahi kuyaziba?

"Uliniapia kwamba wewe humo kwenye jopo la majaji."

"Jaji mmoja aliugua, wakaniita asubuhi ile ile."

"Ukanijua?"

Akainama. "Mkono ule wa kushoto niliufundisha mimi, mpenzi. Ningeujua hata usingizini."

"Na wenzako walisemaje?"

"Walitaka kukupitisha. Nikawaambia kuchomeka jazi kwenye mtihani wa klasiki ni dharau. Wakanisikiliza."

"Jazi uliyonifundisha wewe!"

"Miaka mitano ng'ambo! Ungenirudia?"

"Ningekurudia, mjinga wewe."

Mwakani binti atakuwa amepita umri unaoruhusiwa. Wote wawili walilijua hilo.

"Nitarekebisha," Mwalimu akasema haraka. "Majina hayajapelekwa. Nitamweleza mkuu wa chuo kila kitu."

"Mpigie sasa hivi. Nikisema mimi wataniita mshindwa mwenye kinyongo. Na uweke spika, nisikie."

Akapiga.

"Haloo, bwana harusi!" mkuu akachangamka. "Kuna jipya?"

Binti alisogea, akamshika bega. Moyoni alikuwa anamwombea: sema, sema tu, nitakusamehe.

"Shikamoo mkuu. Nilitaka... nilitaka kuuliza tu. Kikao cha Jumatatu ni saa ngapi?"

"Saa nne, kama kawaida."

"Haya. Ahsante, mkuu."

Mkono ukaondoka begani. Alipogeuka, binti alikuwa anavaa viatu, machozi yakimdondokea kwenye kamba.

"Nipe muda, mpenzi. Nitampigia tena, haki ya Mungu..."

"Mpigie. Umwambie na harusi haipo." Akafungua mlango. "Au hilo nalo nikusemee mimi?"