Mbebaji wa Sita

Siku ile ilianza kama siku yoyote ya mwisho wa vuli huku kwetu Baltistani, milimani. Kweupe, baridi kavu, mbuzi wanabishania majani makavu uani. Usingizi ulinipitia hadi sala ya alfajiri ikanipita, Mungu anisamehe. Kaka yangu Rozi ndiye aliyenivuta mguu.

"Amka, imamu," alisema, huku anatafuna kiini cha kokwa ya aprikoti. Hakutoka bila mfuko uliojaa kokwa. Alizipasua kwa meno, akatema maganda kila alipopita. Mkewe, Fiza, alizoea kumwambia meno yake yataisha kabla ndevu hazijaota mvi.

Theluji ilikuwa imetukimbia miaka miwili. Ilikuja haba, ikayeyuka mapema, na mfereji ukakauka punje za shayiri zikiwa ndiyo kwanza zinajaa. Watu wa kijiji cha bondeni walikuwa wameshafunga nyumba na kuhama. Kilikuwa kimebaki kijiji chetu. Ndipo Haji Mehdi, mkubwa wa kijiji, akasema tupande barafu kama babu zetu: barafu dume na barafu jike zilazwe pamoja kwenye pango la juu, zizae barafu ya kutupa maji. Jike lilikuwa limeshafikishwa. Dume tukalichukua sisi watano: Haji, Rozi, majirani wawili, na mimi.

Masharti hata mtoto wa kwetu anayajua. Tenga la barafu haligusi ardhi, linahama mgongo kwa mgongo. Na mbebaji hafungui kinywa mpaka barafu ifunikwe. Ukisema neno, barafu inakufa.

Mlangoni Rozi alimtania Fiza kwamba leo masikio yake yatapumzika.

"Kelele zako ziache huko huko," Fiza alimjibu, anacheka.

Tulipanda. Adhuhuri ukungu ulishuka, na chembe za theluji ndani yake. Vidole vilikufa ganzi, kisha miguu, kisha hata mawazo. Niliyafuata tu makoti ya sufu yaliyokuwa mbele yangu, na mvuke wa pumzi zao.

Rozi alichoka. Akainama ili apokewe. Mtu akampokea tenga.

Migongo mbele yangu ilikuwa mitano. Ilipaswa kuwa minne.

Aliyelipokea tenga alivaa koti kama letu, kofia imeshuka hadi shingoni. Wengine wote walitoa mvuke. Yeye hakutoa.

Jina la kaka yangu lilikuwa ulimini. Lakini nikilitamka, barafu inakufa, na maji ya kijiji kizima pamoja nayo. Nikalimeza. Nilisoma Ayatul Kursi moyoni, na nakiri, niliikosea.

Pangoni, Rozi na yule mtu waliingia ndani kuilaza barafu.

Akatoka mmoja. Rozi.

Tulimwaga makaa na makapi ya shayiri, tukaziba mlango kwa mawe. Haji Mehdi akasema, "Alhamdulillahi." Ndimi zikafunguka. Tulikuwa watano.

Nilimnong'oneza Haji: wa sita yuko wapi?

Aliyatazama yale mawe. "Tumekuja watano, tunarudi watano," alisema. "Usihesabu tena."

Njiani sikusikia kokwa hata moja ikipasuka. Nyumbani Fiza alimpa Rozi chai yetu ya chumvi na siagi. Alilishika bakuli mpaka siagi ikaganda juu yake.

Fiza akanifuata zizini.

"Shemeji," alinong'ona, "huyu uliyeniletea ni nani?"

"Mumeo."

"Mume wangu ana pumzi."

Theluji ilianguka mwaka ule kama ya zamani, hadi madirishani. Yule tuliyerudi naye alikaa karibu na jiko. Hakutania, hakugusa kokwa. Asubuhi upande wake wa blanketi ulikuwa na sakitu, umande ulioganda.

Baridi ilipolegea, Fiza alibeba sururu, akaniambia twende tukafungue pango, tumtoe Rozi. Chini ya njia ya pango tuliwakuta Haji na nusu ya kijiji wameketi. Hakuna aliyetupigia kelele. Haji alisema kwamba pango likifunguliwa, barafu itakufa.

"Na lisipofunguliwa?" Fiza aliuliza.

Waligeuka tu kutazama mfereji. Ulikuwa umejaa. Watoto walikuwa wanakunywa kwa viganja.

Fiza aliitua sururu chini. Mimi sikuiokota.

Nikainama, na mimi ninywe. Maji yalikuwa meupe, matamu. Juu yake kulikuwa na kitu kidogo kinaelea.

Ganda la kokwa. Limepasuliwa kwa meno, bado bichi. Juu ya kijiji chetu haupo mti wa aprikoti hata mmoja.

Maganda yanashuka hadi leo, kila kiangazi. Tunayasogeza kwa kidole, tunasema bismillahi, tunakunywa.