Uso Wangu Ulikataa Uzi

Mie ni binti wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Masasi, mkazi wa Mbagala huku Temeke. Nakaanga maandazi na chapati, ndiyo kazi inayonilisha mimi na mama yangu. Mpaka mwaka juzi nilikuwa muimbaji tegemeo wa kwaya ya kanisani kwetu. Sijaolewa. Ukinitazama kwa upande wa kulia utasema dada wa watu mzima kabisa huyu. Nikigeuka sasa... watoto wa mtaani kwetu wananikimbiaga.

Naandika haya nikiwa bado na hasira, nisiwadanganye. Wale wa "yaliyopita si ndwele" hawajawahi kupigwa chupa ya soda usoni!

Mimi ni mweusi. Si maji ya kunde, mweusi hasa. Shule ya msingi waliniita mkaa. Walisema mbu akitaka kuning'ata lazima awashe tochi. Nilicheka nao, nikifika nyumbani nalia. Mama, mjane mwenye mdomo kama wangu, alinijibu neno moja siku zote, kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba Mungu anaangalia moyo. Niliitikia amina. Lakini ndani yangu nilijiuliza, mbona wanaume hawaangalii huko anakoangalia Mungu?

Basi akaja mmoja aliyeangalia. Yohana, kijana wa Dodoma, dereva wa foklifti ya kubebea mizigo bandarini. Mpole, maneno machache. Hakuwahi kuniambia mie mzuri hata siku moja. Lakini mvua za masika zilipobomoa kibanda changu cha maandazi, alikuja na mabati na misumari, akakisimamisha upya peke yake, akaondoka bila kunywa hata chai. Baadaye akaleta posa, wazee wakakubaliana. Mwanamke gani mwenye akili angetaka zaidi ya hapo? Mie nilitaka. Nilitaka kuambiwa mzuri!

Wakati tunajiandaa na harusi, kwaya yetu ikaamua kurekodi video. Akatafutwa mpiga picha wa kutokea Kinondoni, braza mmoja anaitwa Kelvin, mtanashati, ananukia vizuri, anajua kuongea na watu. Tukashonesha sare mpya, tukaenda Kigamboni ufukweni kuchukua picha za mwanzo. Wimbo mkubwa ulikuwa na sauti yangu. Sauti hiyo ilisharekodiwa studio, kazi iliyobaki ilikuwa kusimama mbele ya kamera na kufungua mdomo.

Kelvin alinitazama, akatazama kwenye kamera, akaniambia nirudi mstari wa nyuma. Alimwambia kiongozi wa kwaya kuwa kamera inapenda mwanga. Akamsimamisha mbele rafiki yangu Jeni, mweupe, mrembo, akamwambia afungue mdomo mahali pangu.

Sauti yangu ikatoka mdomoni mwa mtu mwingine... na mie nipo, nimesimama nyuma yake napiga makofi! Mmewahi kuibiwa mkiwa macho?

Jeni hakuwa mbaya, niseme haki yake. Aliona nilivyoumia. Kesho yake akaja kibandani kwangu akaniambia hata yeye hakuzaliwa vile. Alinipeleka kwake, akachanganya mafuta ya aina aina kwenye kopo, mkorogo wenyewe, akanifundisha kupaka na kujifunika kanga ili joto liupeleke ndani. Hakunitoza chochote. Siku hizo ndipo alipofungua moyo wake kwangu. Alinieleza kuwa Kelvin ni mchumba wake, bado ni siri, atapeleka posa kwao video ikiisha. Nikamkumbatia. Nikamuapia sitamwambia mtu.

Kumbukeni hapo. Nilijua! Hakuna aliyenificha.

Mkorogo ukafanya kazi yake. Uso ukawa mwekundu, ukachubuka, ukawaka. Moto wa kikaango ulikuwa unaniunguza mpaka machozi yananitoka, nikawa nakaanga nimegeuza shingo. Mama akagombana na mimi kila siku. Yohana aliniuliza mara moja tu, nikamdanganya kuwa ni sabuni ya chunusi. Akasema hakuwahi kulalamika kuhusu uso wangu.

Jumapili moja mama mchungaji alifundisha kina mama na wasichana. Alisema kuna uzuri unaonunuliwa dukani na kuna uzuri unaokaa ndani ya mtu, na ule wa dukani shetani anajua bei yake. Alisema mwanamke asiyejikubali ni mlango usio na komeo. Mie nilikaa benchi la mbele, uso unaniwasha kama nimepakwa pilipili, nikaitikia amina kuliko wote. Unafiki wangu ule, ee Mungu wangu!

Tuliporudi Kigamboni kumalizia video, Kelvin hakunitambua mara moja. Aliponitambua akapiga mluzi. Akanitoa nyuma akaniweka mbele, Jeni pembeni. Jeni akanipigia makofi, akafurahi kweli. Na kuanzia siku ile Kelvin akaanza kunitumia ujumbe kwenye simu. Umependeza. Una macho. Sauti yako na sura yako sasa vimelingana. Nilikuwa nausoma ujumbe huo nimejifungia chooni, mie mchumba wa mtu! Sikumjibu vibaya. Sikumjibu kabisa siku za mwanzo... halafu nikaanza kujibu.

Huku kanisani matangazo ya ndoa yetu yakaanza kusomwa. Kwetu yanasomwa Jumapili tatu, mwenye pingamizi aseme. La kwanza likapita. La pili likapita kwa vigelegele. Likabaki moja tu niitwe mke wa Yohana.

Jumamosi, siku moja kabla ya tangazo la tatu, Kelvin akanipigia. Akasema kuna kipande changu kimeharibika, lazima tukirudie, niende Mbezi Beach kwenye loji moja yenye bustani nzuri. Akasisitiza niende peke yangu, wengine vipande vyao viko sawa. Jamani, mie si mtoto. Nilijua kabisa. Nikaoga, nikajipaka, nikajipulizia manukato, nikamuaga mama kuwa tunakwenda kurekodi Mbezi kwa Kelvin. Bodaboda aliponiuliza naenda wapi nilisema kwa sauti ndogo, kama mwizi.

Bustani ilikuwepo. Kamera haikuwepo. Kulikuwa na chumba, na soda mezani.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Kelvin akanishika shavu akanisifia. Nikafumba macho kuyasikia vizuri maneno niliyoyangoja tangu darasa la kwanza. Halafu akacheka, akasema zamani nilivyokuwa nimeungua vile, hata kunigusa asingenigusa.

Hapo ndipo nilipozinduka. Asingenigusa! Yohana aliniposa nikiwa vilevile, nimeungua, nanuka mafuta ya kukaangia. Nikasimama. Nikamwambia hapana, naenda zangu, kesho nasomewa tangazo la ndoa. Kelvin akadhani namringia. Akanivuta mkono, nikauvuta. Akanisukuma kitandani akanikaba shingo, pumzi ikakata, nikaona nyota. Nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu. Alipopiga kelele nikamponyoka, nikakimbilia mlangoni, nikashika kitasa. Nilikuwa nimeshinda, wapendwa. Nilikuwa natoka!

Nikafungua mlango. Amesimama Jeni.

Maskini Jeni alikuwa ameniletea kopo jipya la mkorogo nyumbani, ili uso wangu ung'ae siku ya harusi. Mama, bila kujua, akamwambia tumekwenda kurekodi kwa Kelvin Mbezi. Jeni akajua hakuna kurekodi kokote. Loji ile aliijua, na yeye alishapelekwa. Akawapitia mabinti wawili wa shangazi yake, wakachukua bajaji mpaka pale.

Nilifungua mdomo nieleze. Nieleze nini? Gauni limechanika begani, nywele timutimu, kitanda nyuma yangu. Kelvin naye akajitokeza, na mnajua alifanya nini yule mwanaume? Alinipiga kibao cha nguvu mbele ya mchumba wake, nikaanguka kwenye meza.

"Nimemwambia aondoke, hataki," akasema.

Basi wakaniangukia. Mmoja alinishika nywele, mwingine akanikalia miguu. Nilipigwa ngumi, nilipigwa kwa kiatu cha kisigino, mbavu zikalia. Nguo zikachanwa zote. Kuna aliyekuwa anachukua video kwa simu, namkumbuka anasema geuza sura, geuza sura ionekane. Watu wa loji wamejaa mlangoni wanashangilia fumanizi. Nilipiga kelele kuwa sikufanya kitu, sikufanya kitu! Nani angenisikiliza?

Jeni peke yake hakuwa anapiga kelele. Alikuwa analia. Akachukua chupa ya soda, akaigonga ukingoni mwa meza ikavunjika, akaja nayo.

"Uso huu nimeutengeneza mie, Agnesi," akaniambia. "Na mie ndiye nitauharibu."

Alinichana kutoka chini ya jicho la kushoto mpaka kwenye taya. Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia joto, halafu nikaona kanga niliyotupiwa na mmoja wa waliojaa mlangoni imelowa yote, imebadilika rangi. Kelvin alisharuka dirisha zamani.

Msamaria mmoja, mpishi wa pale, ndiye aliyenibeba. Tukapitia polisi kuchukua PF3, fomu ya majeruhi kutibiwa, hospitali wakanilaza kitandani, daktari akaanza kunishona. Akavuta uzi, ngozi ikachanika. Akahamia pembeni kidogo, ikachanika tena. Ilikuwa inakatika kama mkate uliolowa chai. Nesi, mama mtu mzima, akaniinamia akaniuliza taratibu.

"Mwanangu, ulikuwa unapaka nini?"

Nikamtajia mkorogo. Akatikisa kichwa, akasema wanawapata wengi, ngozi imeliwa, imebaki nyembamba, haina pa kushika uzi. Wakafunga kidonda vilevile na bandeji, kikaachwa kijifunge chenyewe. Kikaoza. Nililazwa nikinuka, mie niliyekwenda Mbezi nikinukia!

Kesho yake ya kipigo, Jumapili ya tangazo la tatu, mama aliniambia baadaye, mchungaji alisoma matangazo ya wengine yote. Letu akaliruka. Video ya kipigo ilikuwa imeshafika kwenye simu za wanakwaya kabla ya ibada.

Yohana alikuja jioni ya Jumapili hiyo. Nilimwona mlangoni mwa wodi nikakaza mwili, nikasubiri kibao. Nilikuwa nimeshazoea kupigwa. Hakunipiga. Akavuta kiti, akakaa, akanitazama jicho lililobaki wazi. Nikamweleza yote, na la mkorogo, na la ujumbe wa simu, na kwamba nilisema hapana. Nilimuapia kwa jina la Mungu kuwa nilisema hapana! Akasema ananiamini.

Nikaanza kulia kwa furaha. Kumbe alikuwa hajamaliza.

"Uso ningeuzoea, Agnesi," akasema. "Watu wanaungua, wanapata ajali, na wanaolewa. Lakini ulioga, ukajipulizia manukato, ukapanda pikipiki kutoka Mbagala mpaka Mbezi. Njia yote hiyo, mie nilikuwa wapi?"

Nikajifunika shuka mpaka kichwani. Akaniwekea maji na matunda kwenye kabati, akamsalimia mama shikamoo, akaondoka. Hakuwahi kunitukana, hakuwahi kunisema kwa watu. Ndiyo maana inauma. Angekuwa mlevi, mgomvi, ningesema afadhali. Nilimpoteza mwanaume aliyenipenda na weusi wangu, kwa sababu ya mwanaume aliyeipenda rangi ya kwenye kopo.

Jeni alikamatwa. Wazee wa kanisa wakaja kuniomba nisamehe, nikawafukuza. Nililala na kisu chini ya mto, naota namkata na yeye. Nilitaka tufanane! Nilikaa na uchungu huo mpaka chakula kikawa hakipiti. Mama ndiye aliyeniuliza siku moja, huku ananibadilisha bandeji, hivi ningekuwa mie ndiye nimesimama pale mlangoni, nimeshika kopo la zawadi, ningefanya nini? Nililia sana siku ile.

Nikaenda kuomba kesi ifutwe. Jeni alipotoka tulikutana nje ya kituo, nikamwomba msamaha kwa kumzunguka. Akanitazama shavu akapiga magoti palepale kwenye vumbi, tukalia wote wawili kama msibani. Hatukurudi kuwa marafiki. Lakini kisu nilikirudisha jikoni.

Na Kelvin? Yupo. Anarekodi kwaya nyingine, mzima, hana hata mkwaruzo zaidi ya meno yangu mkononi. Nikimfikiria huyo bado nashindwa kusali vizuri, Mungu anisaidie.

Uso wangu sasa ni mweusi tena, umerudi kwa mabaka, na kovu lake. Nimerudi kanisani, naimba nikiwa benchi la waumini. Wasichana wanakuja kibandani wananiuliza, dada, wapi wanachanganya mkorogo usio na madhara? Siwatukani, nimejikataza. Nawaambia weka kidole hapa shavuni, bonyeza. Wengi wanasahau hata maandazi waliyoyafuata.

Dada zangu, wadogo zangu, nawaomba kwa machozi. Mtu akikuambia hufai mpaka ubadilike, huyo hajakupenda, anachagua bidhaa. Jitengenezeni ndani, huko ambako hapachubuki. Na kishawishi, tafadhali, msijipe moyo kuwa mtakikataa mkishafika. Mie nilikataa, mnajua sasa! Nilisema hapana nikiwa nimekaa kitandani kwa mwanaume wa rafiki yangu, mlango umefungwa. Hapana yenu isemeeni nyumbani, simu inapoita, hamjaoga, mmejifunga kanga kuukuu, mama yenu yupo jikoni anasikia. Isemeni kwa sauti, halafu endeleeni kukaanga maandazi.